Joto Ndilo Linaloua Giaboksi za Kampala

Kuna ushauri unaosikika sana katika gereji za Kampala, kutoka Kisekka hadi Katwe na Bwaise, kuhusu gari la otomatiki lililozeeka: usiiguse giaboksi. Oili ya injini mwaga kila baada ya kilomita elfu tano, plagi badilisha, breki kagua, lakini oili ya giaboksi iache kama ilivyotoka Japani, kwa sababu ukiibadilisha gari litaanza kuteleza na mwisho litagoma kabisa. Mafundi wanaotoa ushauri huu si wajinga wala si matapeli. Wameshuhudia magari yaliyobadilishwa oili Jumatatu yakarudishwa yakiburutwa Ijumaa. Hata hivyo nina hakika kwamba ushauri huo, ukigeuzwa kuwa kanuni ya kila gari, ndio unaozimaliza giaboksi nyingi za mji huu kabla ya wakati wake. Kinachoiua giaboksi ya otomatiki ni joto, pamoja na oili iliyochoka kulibeba joto hilo, na yote mawili yamo mikononi mwa mwenye gari.

Tulitazame kwanza gari lenyewe. Magari mengi madogo ya Uganda yamefika yakiwa yameshatumika, na mengi kati ya hayo yametoka Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto wa barabara kama Uganda. Kule gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo pamoja na kodi zake huwafanya wengi waliuze mapema. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliyosafirishwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na takriban asilimia 40 yaliishia Afrika. Kenya hulikataa gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, iliweka kikomo cha miaka 15 tangu gari litengenezwe. Maana yake ni kwamba Premio, Noah, Harrier au Forester iliyoshushwa Mombasa kwa ajili ya Kampala inaweza kuwa na miaka kumi na miwili au zaidi, na ndani ya giaboksi yake huenda bado imo oili ileile iliyotiwa kiwandani. Hapo ndipo linapoanza maisha ya pili, ambayo mara nyingi huwa marefu kuliko ya kwanza. Corolla za AE100 zilizotengenezwa miaka ya 1990, ambazo Kampala nzima inaziita Kikumi, bado zinaonekana barabarani.

Ili kuelewa joto linatoka wapi inabidi kuijua konveta, lile dude la mviringo lililo kati ya injini na giaboksi. Gari la gia za mkono lina klachi inayoiunganisha injini na giaboksi moja kwa moja. La otomatiki lina kitu kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: ya kwanza inazungushwa na injini na kuisukuma oili, nayo oili inaisukuma ya pili, ambayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia. Kwa kuwa hakuna chuma kinachoshikana na chuma, ile ya pili hubaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo ya mwendo hugeuka kuwa joto ndani ya oili. Gari likichanganya, katika magari mengi kuanzia kilomita hamsini au sitini kwa saa, klachi ndogo iliyo ndani ya konveta huzifunga pande zote mbili zikazunguka pamoja, na joto hilo hupungua sana. Lakini gari likiwa limesimama huku dereva amekanyaga eksileta, nguvu yote ya injini inaishia kwenye oili kwa sababu haina mahali pengine pa kwenda.

Oili hiyo ina kazi nne kwa wakati mmoja: inalainisha, inapoza, inabeba presha inayobadilisha gia, na ndiyo inayoamua klachi za ndani zishikane kwa ukali au kwa ulaini kiasi gani. Katika hali nzuri hufanya kazi ikiwa kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 hivi. Wataalamu wa vilainishi wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba kila joto linapopanda nyuzi kumi juu ya hapo, umri wa oili hupungua kwa nusu, kwa kuwa kasi ya kuchakaa kwake huongezeka maradufu. Oili inayofanya kazi ikiwa nyuzi ishirini juu ya kawaida, basi, imebakiwa na robo ya maisha yake. Ikishaungua huacha utando wa kahawia juu ya vali ndogo za giaboksi, vali zinaanza kukwama, presha inashuka, klachi zinateleza, na kuteleza kwenyewe kunaongeza joto. Kuanzia hapo uharibifu unajiendesha wenyewe.

Mtu anaweza kusema Kampala si mji wa joto, na ni kweli. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na mchana wa kawaida haupiti sana nyuzi 28. Ingekuwa hali ya hewa ndiyo inayoua giaboksi, Mombasa na Dar es Salaam zingekuwa makaburi ya magari ya otomatiki. Tatizo la Kampala ni milima na foleni. Gari linalotoka Wandegeya kwenda Clock Tower saa kumi na moja jioni, kisha likapita Kibuye kuelekea Barabara ya Entebbe, linasogea na kusimama bila kufikia ile kasi ambayo konveta hujifunga, na upepo unaoingia kwenye rejeta ni mchache. Ongeza miinuko ya Nakasero, Kololo, Mutungo na Muyenga, ambako foleni husimama juu ya mlima na madereva hulizuia gari lisirudi nyuma kwa kugusagusa eksileta badala ya kukanyaga breki. Huko ndiko oili inakopikwa.

Ndiyo maana kuhesabu kilomita peke yake kunadanganya. Kilomita elfu kumi kwa mwendo wa wastani wa kilomita hamsini kwa saa ni saa 200 za kazi. Kilomita hizohizo kwa mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa, ambao hautamshangaza yeyote anayetumia Barabara ya Jinja kila asubuhi, ni zaidi ya saa 660. Deshibodi inaonyesha namba ileile, lakini giaboksi ya pili imefanya kazi zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza, tena kazi ya joto kali. Vitabu vya watengenezaji vinalijua jambo hili. Vina ratiba ya matumizi ya kawaida na ratiba ya matumizi mazito, na katika matumizi mazito huwekwa kazi ya teksi, vumbi, kuvuta mizigo na mwendo wa kusimama na kuondoka. Kampala imo katika orodha hiyo karibu kila mstari.

Pingamizi la kwanza la kujibiwa linatoka kwa watengenezaji wenyewe: baadhi yao wamesema oili ya giaboksi zao ni ya maisha yote na haihitaji kubadilishwa. Kauli hiyo haikutungwa kwa ajili ya gari la miaka kumi na minane linalopanda Muyenga. Ilitolewa kwa gari jipya na mnunuzi wa kwanza, katika nchi ambazo gari huuzwa au huvunjwa mapema, na mtengenezaji hana hasara yoyote giaboksi ikifa mikononi mwa mwenye gari wa tatu. Ushahidi mzuri unatoka Ujerumani. Kampuni ya ZF hutengeneza giaboksi za otomatiki zinazofungwa kwenye magari ya BMW na mengineyo, na ingawa giaboksi hizo ziliuzwa zikisemwa kwamba zimejazwa oili ya maisha yote, ZF yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mwenye kukitengeneza kifaa akisema oili yake huchakaa, sioni sababu ya kumbishia. Kwa saa tulizozihesabu hapo juu, mimi ningeweka kipimo cha Kampala kwenye kilomita 40,000 au miaka miwili, kitakachotangulia, na chini ya hapo kwa magari ya kukodi na ya programu za simu yanayoshinda mjini tangu alfajiri.

Pingamizi zito zaidi ni lile la mafundi, kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu. Kuna ukweli ndani yake na haufai kupuuzwa. Sahani za klachi zina utando unaofanana na karatasi ngumu, na kadiri unavyochakaa, unga wake huelea ndani ya oili. Giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha inaweza kuwa inashika kwa msaada wa unga huo mchafu. Ukiumwaga wote na kutia oili safi yenye sabuni zake, klachi zinabaki bila cha kushikia. Uchafu uliokuwa umetulia nao unaweza kung'oka na kukwama kwenye tundu za vali, hasa fundi akitumia mashine inayosukuma oili kwa nguvu. Lakini tazama ni magari gani yanayobadilishwa oili. Kwa kuwa kila mtu ameambiwa asiguse, mwenye gari huja gerejini pale tu gia zinapoanza kuchelewa au kuteleza, na wakati huo klachi zimeshaungua. Oili inabadilishwa kama dawa ya mwisho, linakufa gari lililokuwa tayari linakufa, na oili mpya inabeba lawama. Magari yaliyobadilishwa oili mapema na yakaendelea salama hayarudi gerejini kutoa ushahidi. Fundi anaona vifo tu, na kutokana na vifo hivyo anatunga kanuni inayozalisha vifo zaidi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni gari lipi libadilishwe na kwa njia gani. Gari linaloshika gia vizuri, ambalo oili yake imekuwa ya kahawia lakini hainuki kuungua, linafaa kubadilishwa taratibu. Giaboksi ndogo ya Toyota yenye gia nne hubeba lita saba hivi, na ukifungua nati ya chini humwagika kama tatu tu, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya konveta. Ukizirudisha lita tatu mpya, umebadilisha asilimia 43 hivi ya oili yote. Rudia baada ya kilomita elfu moja au mbili na unafika asilimia 67. Mara ya tatu, asilimia 81. Giaboksi haishtuki, uchafu unatoka kidogokidogo, na fundi anapata nafasi ya kuishusha sampu, kusafisha chujio na kuzitazama sumaku zilizo chini yake. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Gari ambalo oili yake ni nyeusi, inanuka moto, na gia zinateleza, lisitiliwe oili kwa matumaini. Mwenyewe aambiwe ukweli kwamba pesa hiyo aiweke akiba ya kuifungua giaboksi.

Halafu kuna suala la oili ipi. Dukani utaambiwa oili zote nyekundu ni sawa. Wekundu ni rangi tu iliyotiwa ili uvujaji uonekane, na hauelezi chochote kuhusu kilichomo. Historia ina funzo zito hapa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili za giaboksi za Marekani zilikuwa na mafuta ya nyangumi aina ya spemu, yaliyozifanya klachi zishikane kwa ulaini. Mnyama huyo alipoingizwa mwaka 1970 katika orodha ya Marekani ya walio hatarini kutoweka, na biashara ya mafuta yake ikazuiwa, makampuni yalilazimika kutafuta mbadala wake, na kuharibika kwa giaboksi kukaongezeka. Oili mpya iliyoletwa na General Motors ilikuja kuonekana inakula lehemu za vipoozi, ikabidi irekebishwe tena. Kiungo kimoja kilichokuwa sehemu ndogo ya oili kiliwahangaisha wahandisi wa nchi tajiri kwa miaka. Sasa fikiria tunachofanya tunapomimina oili yoyote iliyo rafuni. Toyota yenyewe ilitoka oili ya T-IV ikaenda WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na giaboksi ya moja haikukusudiwa oili ya nyingine. Honda ina giaboksi ya muundo wake na oili yake. Hatari kubwa iko kwenye CVT, giaboksi isiyo na gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli. Huko oili inatakiwa isaidie chuma kushika chuma, na ukitia oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza na kuzikwaruza puli. Premio za kabla ya 2007 nyingi zina gia nne za kawaida; zile za umbo lililotoka 2007 nyingi zina CVT. Jina nyuma ya gari ni lilelile, wauzaji ni walewale, na oili ni tofauti kabisa. Kabla ya kununua, soma kilichoandikwa kwenye kijiti cha kupimia oili au kwenye kitabu cha gari, na umtake fundi afungue kopo mbele yako.

Najua jibu la wengi: oili halisi ni ghali, na maisha ni magumu. Mwenye gari la kukodi anayelipa mkopo wa kila wiki hana anasa ya kununua kopo la bei ya juu. Lakini ni huyohuyo atakayepoteza siku kadhaa za kazi giaboksi ikifa, juu ya bei ya giaboksi nyingine na ufundi wa kuishusha na kuipandisha. Lita tatu za oili sahihi hazikaribii hasara hiyo. Walio na kipato kidogo ndio wasioweza kuumudu ushauri wa kutogusa.

Sehemu inayosahaulika kabisa ni rejeta. Katika magari mengi ya Kijapani, oili ya giaboksi hupita kwenye kipoozi kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, kikizungukwa na maji ya injini. Watu wengi wanajaza maji ya bomba badala ya kulanti, na maji hayo huleta kutu. Kutu ikikitoboa kipoozi, maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inageuka rangi ya maziwa yenye waridi. Gundi inayoshikilia utando wa klachi haivumilii maji, na utando unabanduka. Gari lililokuwa salama asubuhi linaweza kuwa limekwisha baada ya siku chache, na mwenyewe asielewe kwamba ugonjwa ulianzia kwenye maji ya bure. Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia mwenye otomatiki kuukuu, ningemwambia atie kulanti na abadilishe rejeta inayovuja badala ya kuiziba.

Uendeshaji nao una lake. Kwenye mwinuko, zuia gari kwa breki, wala si kwa eksileta. Usitoke R kwenda D kabla magurudumu hayajasimama. Unapoegesha mlimani, vuta breki ya mkono kwanza ndipo uweke P, la sivyo uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kijino kimoja kidogo cha chuma. Wapo wanaoteremka mlima wakiwa kwenye N wakidhani wanaokoa petroli. Katika injini za kisasa ni kinyume: ukiwa kwenye D na umeachia eksileta, kompyuta hukata mafuta, lakini kwenye N lazima iendelee kuyachoma ili injini isizime, na wewe umeipoteza nguvu ya injini ya kusaidia breki. Na gari la otomatiki lililozimika lisivutwe kwa kamba umbali mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini, kwa hiyo injini iliyozimwa ina maana gia zinazunguka kavu. Mita mia chache kulitoa gari njiani ni sawa. Kutoka Mukono hadi mjini ni kuizika giaboksi.

Giaboksi ikishakufa, wengi huishia Soko la Kisekka kutafuta nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Hakuna ubaya, ila tuelewe kinachonunuliwa: giaboksi ya umri uleule, isiyo na historia ya maandishi, na pengine yenye oili ileile ya kiwandani. Isifungwe ilivyo. Ikiwa bado iko mezani, shusha sampu yake, tazama sumaku, badilisha chujio, tia oili mpya ya aina yake. Muhimu kuliko yote, kipoozi cha oili na mabomba yake ya kwenye gari yasafishwe hadi yatoe oili safi, au kipoozi kibadilishwe, kwa sababu vyuma na unga wa giaboksi iliyokufa vimebaki humo na safari yao ya kwanza ni ndani ya giaboksi mpya. Nyingi zinazosemwa zilikuwa mbovu tangu sokoni ziliuawa na uchafu wa zilizotangulia. Siku ya kuifunga, fundi aandike chini ya boneti kilomita za siku hiyo na jina kamili la oili aliyotia, kwa wino usiofutika.